Mirathi ndogo Lamu na Malindi: tengeneza karatasi kabla ya kwenda kortini

Kesi ya nyumba moja ya mtaa wa Langoni, Lamu, au kishamba cha minazi nje ya Malindi, kwa kawaida haikwamishwi na hakimu wala kadhi. Inakwamishwa na majina na sahihi.

Chukua cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayotaja warithi wote. Wote, hata yule asiyesemeshana na wenzake. Aliyefichwa anaweza kurudi baadaye na kuomba hati ya usimamizi wa mirathi ifutwe, na kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinampa nafasi hiyo.

Sasa linganisha majina. Hatimiliki ya zamani inasema Omari bin Ali bin Athman, kitambulisho kinasema Omar Ali, benki ina jina jingine. Kula kiapo kwa kamishna wa viapo kwamba ni mtu mmoja, kabla hujafungua jalada. Na kama nyumba ingali kwa jina la babu, huwezi kuruka: mirathi ya babu ifunguliwe kwanza.

Kadhi husikiliza mirathi pale pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali mamlaka yake. Kwa hakimu hutazamwa thamani ya mali yote kabla ya kutoa madeni: hakimu mkazi hadi shilingi milioni 5, hakimu mkuu hadi milioni 20.

Kwa hakimu, ombi la asiyeacha wasia ni fomu P&A 80, pamoja na kiapo P&A 5 chenye warithi, mali na madeni. Fomu inayochosha familia ni P&A 38, ya ridhaa: kila mwenye haki sawa au kubwa kuliko ya mwombaji atie sahihi. Wasimamizi wasizidi wanne. Akiwepo mrithi mtoto, wawe angalau wawili.

Tangazo likitoka kwenye Gazeti Rasmi, pingamizi zina siku 30. Kisha hati ya usimamizi, kisha miezi sita kabla ya uthibitisho, yaani korti kuithibitisha hati hiyo pamoja na mgao, isipokuwa korti iruhusu mapema. Nyumba au shamba haliuzwi kabla ya uthibitisho, hata ukiwa na hati mkononi. Mnunuzi anayekuharakisha, mwambie angoje. Kabla ya hati yenyewe, hata kukusanya kodi ya wapangaji kunaweza kuhesabiwa kuingilia mali ya marehemu: faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kodi ikihitaji kukusanywa upesi, omba hati ya muda ya kuhifadhi mali.

Mgao uandikwe kwa hesabu, si kwa maneno ya "tutaelewana". Muislamu ameacha mke, wana wawili na binti mmoja, wazazi wake hawapo. Baada ya mazishi, madeni na wasia, nyumba inabaki ya shilingi 2,400,000. Mke hupata thumni, yaani moja ya nane, 300,000. Kila mwana 840,000, binti 420,000. Anayetaka kubaki na nyumba awalipe wenzake kwa viwango hivyo, na makubaliano hayo yaingie kwenye uthibitisho, kisha nakala yake ifikishwe ofisi ya ardhi upesi. Jina la marehemu likibaki kwenye rejista, watoto wenu wataanza upya.