Mke wangu ametufilisi, sasa benki inataka nyumba

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtumishi wa serikali, nina mke na watoto watatu. Mke wangu hana breki kwenye matumizi: vitenge, michango ya sendoff, vikoba. Mei mwaka jana alikwenda Singida kumuuguza mama yake, akarudi Agosti, na huko kote nilikuwa natuma hela. Juni nilichukua mkopo wa milioni 45 kwa dhamana ya nyumba yetu ya Goba, mke akasaini ridhaa, tukamalizia uzio na kununua usafiri. Marejesho yamenishinda, nimeletewa notisi ya siku 60. Nimfanyeje mwanamke huyu?
B., Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Pole kwa notisi, najua usingizi umekuhama. Pole yangu inaishia hapo.

Mei hadi Agosti mkeo yuko Singida anamgeuza mama yake kitandani. Juni amesaini ridhaa Dar es Salaam. Alisainia wapi, na kwa mkono wa nani? Wewe unajua, na nadhani afisa mikopo naye anajua.

Halafu huo "usafiri". Vitenge umevitaja kwa jina, gari umelificha nyuma ya uzio. Nyani haoni kundule. Doti ya kitenge haijawahi kuipeleka nyumba ya mtu mnadani, baba.

Huyo afisa simwachi. Nakisia slipu yako ilishajaa, mshahara umebaki theluthi ile isiyoruhusiwa kukatwa, ndipo akakwambia, "Bosi, si una hati ya nyumba?" Ana lengo lake la mwezi, na wewe kuitwa bosi kulikunogea. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinataka ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, na benki inatakiwa kuchukua hatua kujua kama mkopaji ana mke au mume. Simu moja ya Singida ingetosha.

Lakini ndoa za siku hizi ndivyo zilivyo. Watu wanalala kitanda kimoja miaka nenda rudi, mke hajui mumewe analipwa shilingi ngapi. Anaachiwa elfu kumi mezani asubuhi, jioni anaulizwa chenji, na siku mambo yakiharibika anaitwa mfujaji. Kinamama nanyi msinipigie vigelegele mapema: wapo wanaotoa laki kwa kadi ya dabo huku mtoto karudishwa ada, kisha wanakimbilia mikopo ya riba kali, kausha damu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Ila mkeo anacheza vikoba, na kikoba ni akiba. Ningependa kujua ada ya watoto hapo kwako ililipwa na nani mwaka huu. Hukuandika.

Sasa fanya hivi. Gari liuzwe wiki hii, hata kwa hasara. Nenda kwa meneja wa tawi, si kwa yule afisa wako, na barua ya kuomba kupangiwa upya marejesho kabla siku 60 hazijaisha. Usithubutu kukopa kwenye programu za simu ulipe benki.

Kisha mketishe mkeo umweleze habari ya Juni, yote. Kama saini si yake, ana haki ya kwenda mahakamani kuupinga mkopo na kuzuia mnada, na wewe unaweza kujikuta unajibu kosa la kughushi. Hilo utalibeba mwenyewe. Afadhali alisikie kwako leo kuliko alisome kwenye tangazo la dalali getini, majirani wakimsaidia kusoma.

Na hela za kikoba chake usizitie kwenye hesabu zako.