Kuhusu DNA ya mitokondria: si kila ugonjwa hutoka kwa mama
Ndugu, umeuliza kama ugonjwa wa mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) lazima utoke kwa mama. Hapana. DNA ya mitokondria yenyewe, jozi 16,569 tu za besi, hurithiwa kwa mama. Lakini vimeng'enya vinavyoinakili hutokana na jeni za kwenye kiini cha seli, na hizo ni za wazazi wote wawili. Kimeng'enya Twinkle hufumua nyuzi za DNA, na kingine, POLG, hunakili na kusahihisha makosa. Jeni ya POLG ikiharibika, nakala za DNA hiyo hupungua. Ubongo, ini na misuli huumia.

Tafadhali zingatia hili: mtoto mwenye kifafa kisichotulia, tena anasahau kutembea au kuongea, asianzishiwe valproeti (dawa ya kifafa) kabla ya kupimwa jeni ya POLG. Akiwa na hitilafu ya POLG, dawa hiyo inaweza kufanya ini life kabisa, hata kama vipimo vyake vya mwanzo vilikuwa safi. Muulize daktari kuhusu levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa.