Maswali ya Wasomaji: Mjumbe wa Wilaya Ana Uzito Gani Katika Mkutano Mkuu?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM kutoka wilaya yetu ya Kongwa, na beji yake ya mwaka 1995 bado tunaitunza. Wajomba zangu husema kwamba alimchagua Rais, ilhali vijana wenzangu hudai kwamba wajumbe wa wilayani huitwa Dodoma kupiga makofi tu. Ukweli ni upi?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mwaka huo hasa, wajomba zako wana hoja. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili, uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa unakaribia, na wajumbe waliokusanyika katika ukumbi wa Chimwaga mwezi Julai walipewa majina matatu ya waliotaka kugombea urais kwa tiketi ya CCM wayapigie kura ya siri. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, Msuya akaachwa na kura zikarudiwa, ndipo Mkapa alipopata 686 na Kikwete 639. Tofauti ni kura 47, na katika hesabu ndogo kiasi hicho wajumbe wa wilaya chache tu wangeweza kugeuza matokeo, japokuwa kila mtu ukumbini alijua pia Mwalimu Nyerere alikuwa upande wa Mkapa.

Hata hivyo, vijana wenzako hawakukosea kabisa. Mjumbe anayechaguliwa na mkutano mkuu wa wilaya yake hufika mwishoni mwa safari ya mchujo: Kamati Kuu hupunguza orodha, Halmashauri Kuu ya Taifa huipunguza tena, na yeye huletewa kilichobaki. Mwaka 1985 kilichobaki kilikuwa jina moja, la Mwinyi. Mwaka 2015 jina la Edward Lowassa lilikatwa mapema, na baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba kikaoni kwamba wana imani naye, lakini wimbo haukulirudisha. Mkutano Mkuu ukachagua kati ya John Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro, na Magufuli akapata kura 2,104, sawa na asilimia 87. Kwa maoni yangu, basi, uzito wa mjumbe hupimwa kwa idadi ya majina anayoletewa kuliko kwa ukubwa wa ukumbi.

Nje ya uteuzi wa wagombea, wajumbe wa mikoani wamewahi kubeba mambo mazito zaidi. Mkutano wa TANU, chama kilichoitangulia CCM, uliofanyika Tabora Januari 1958, ulijadili kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja, tena kwa masharti ya elimu au kipato yaliyowaacha nje Waafrika wengi. Wajumbe wengi walifika wakitaka kuususia. Nyerere aliwashawishi washiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake cha African National Congress.

SWALI: Kwa nini mikutano hiyo hufanyika Dodoma?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, baada ya matawi yake kuulizwa maoni, na CCM iliyozaliwa tarehe 5 Februari 1977 ikaweka makao yake makuu hapa. Chimwaga ulitumika kwa miaka mingi, kisha eneo lake likawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Baadaye mikutano ilifanyika pia Kizota, na tangu mwaka 2015 chama kina ukumbi mkubwa wa kisasa mjini hapa, ambao sasa unaitwa kwa jina la Jakaya Kikwete.