Mchungaji Asiye na Askofu: Ushauri kwa Anayetaka Kuanzisha Huduma Mwanza

Vijana wanaonijia kuomba ushauri wa kuanzisha huduma zao wenyewe huuliza kuhusu jina la huduma, bei ya vyombo vya muziki na eneo lisilo na makanisa mengi. Hilo la mwisho ni gumu kweli kwa Mwanza, kwa sababu kuanzia Igoma hadi Buhongwa ni nadra kupita mtaa usio na turubai, banda la mabati au ukumbi wa kukodi wenye bango la ibada. Swali wasilolileta, nami hulazimika kuwauliza, ni hili: siku utakapokwenda kombo, ni nani mwenye mamlaka ya kukuita, kukukalisha chini na kukusimamisha? Mchungaji wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, au wa AICT, yaani African Inland Church, anaye mtu huyo, ampende asimpende. Ana dayosisi, ana wakaguzi wa hesabu, na barua moja inaweza kumhamisha kituo. Sisi tunaojitegemea hatuna barua hiyo. Miaka niliyohudumu kwa namna hii, kwanza kisiwani na baadaye mjini, imenifundisha kwamba mtumishi wa namna yetu anapaswa kujiwekea mwenyewe mipaka ambayo wenzake wamewekewa na wakubwa wao, tena aiweke mapema, wakati watu bado wanamwamini na hakuna ugomvi wowote.

Kujitegemea si jambo geni ukanda huu. Kituo cha Nassa, kwenye ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, kilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS, kikakabidhiwa kwa African Inland Mission mwaka 1909, na kutokana na kazi hiyo likakua kanisa la AICT ambalo makao yake makuu yako hapa Mwanza. Mwanzoni mwa karne hiyo hiyo ya 20, upande wa Kenya, John Owalo alianzisha kanisa la Nomiya miongoni mwa Wajaluo, bila kuwa chini ya mmisionari yeyote. Karibu zaidi na sisi, kanisa la Kipentekoste la EAGT lilizaliwa mwaka 1991 chini ya Askofu Moses Kulola, aliyefariki mwaka 2013 na kuzikwa papa hapa Mwanza. Kila kanisa lililodumu kumzidi mwanzilishi wake nililowahi kulichunguza lina vikao vinavyoweza kumkatalia kiongozi jambo. Huduma zilizobaki kuwa mali ya mtu mmoja nimeziona zikifungwa pamoja na jeneza lake.

Basi anza na karatasi, hata kama roho inawaka. Kanisa husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ambayo huihesabu jumuiya kuanzia watu kumi. Utatakiwa kuwa na katiba, muhtasari wa mkutano, majina na taarifa za viongozi, pamoja na barua za serikali ya mtaa na za wilaya, na subira ya kufuatilia. Wengi huikwepa safari hiyo kwa kuingia chini ya mwavuli, yaani kutumia cheti cha huduma nyingine kwa makubaliano ya kutoa sehemu ya sadaka kila mwezi. Sikushauri. Nimewaona wachungaji waliojenga kwa jasho la waumini wao, kisha mwenye mwavuli akaja na cheti mkononi akisema tawi ni lake, na hapakuwa na maandishi hata mstari mmoja wa kumjibu.

Kiwanja kina uzito kuliko cheti. Usikubali kiwanja cha kanisa kiandikwe jina lako, hata waumini wakisema kwa upendo kwamba baba ndiye kanisa. Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, inaruhusu bodi ya wadhamini isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na mali yote ikamilikiwa na bodi hiyo, si na mtu. Chagua wadhamini wenye shughuli zao, wasiokutegemea kwa lolote, na angalau mmoja ambaye amewahi kukupinga hadharani. Mke wako asiwe mdhamini, wala shemeji yako. Nalisema hili nikijua kwamba wengi wetu tulianza na familia peke yake sebuleni, na kwamba ni vigumu kumwambia mtu aliyefagia ukumbi tangu siku ya kwanza kwamba hatakuwamo kwenye bodi.

Sasa fedha, ambako ndiko nyumba nyingi za namna yetu hubomokea. Aliyezoea makanisa ya mjini hudhani sadaka hufuata mwisho wa mwezi wa mishahara. Visiwani sadaka hufuata mwezi wa mbinguni. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa sababu dagaa huvutwa na mwanga wa taa na mbalamwezi huushinda mwanga huo. Kwa hiyo wakati wa giza wanaume wako majini usiku kucha na asubuhi wanalala, ilhali mbalamwezi inapokuja kambi hujaa watu ambao wana nafasi ya kuja ibadani, ila fedha zao zinapungua siku hadi siku. Mchungaji asiyejua kalenda hiyo hupanga mkutano wa injili usiku wa giza, kisha hulalamika kwamba watu wa mwaloni, yaani ufukweni panaposhushwa samaki, hawampendi Mungu. Panga semina na mikesha wakati wa mbalamwezi, panga changizo giza linapoisha, na matumizi ya kanisa yahesabiwe kwa majira yote mawili, si kwa wiki ile iliyojaa.

Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua watatu mbele ya wengine, iandikwe kitabuni kabla haijatoka chumbani, na kitabu hicho kisomwe kanisani. Namba ya simu inayopokea michango iwe ya kanisa, kwa jina la kanisa; mtumishi anayesoma namba yake binafsi madhabahuni amekwisha kuchanganya mifuko miwili, hata kama moyo wake ni safi. Mtume Paulo, alipokuwa akipeleka mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu, aliwachukua watu wengine wasafiri nao ili asilaumiwe, na sababu aliyowaandikia Wakorintho ni kwamba mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia.

Paulo huyo huyo alishona mahema. Mimi ni seremala, na vitanda ndivyo vilivyonilisha miaka ambayo kapu la sadaka halikutosha hata nauli ya boti. Kazi ya mikono ina faida nyingine ambayo haisemwi sana: hukupa uhuru wa kumwambia tajiri hapana. Ziwani tajiri ni mwenye mitumbwi na nyavu, anayewalisha watu kambini, na akiokoka anaweza kuezeka kanisa zima kwa fedha za msimu mmoja. Baada ya hapo atataka uende mwaloni kuombea vyombo vyake. Nenda, omba, hakuna ubaya. Lakini angalia unachoombea. Kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, na nyavu za timba, za uzi mmoja wa plastiki, zimekatazwa na sheria za uvuvi, na mtumishi anayezinyunyizia mafuta anabariki kuuawa kwa samaki wachanga ambao watoto wa waumini wake wangewavua kesho. Kama mkate wako wote unatoka mkononi mwa tajiri huyo, sidhani kama utaweza kunyamaza wakati anapokusubiri useme amina.

Hapa nafika kwenye jambo ninalolihofia kuliko yote. Watu wa pwani ya ziwa wamezoea kwa vizazi kwamba nyuma ya kila hasara yupo mtu, na kwamba kazi ya mganga ni kumtaja. Wanapookoka, wengi huihamishia kazi hiyo kwa mchungaji bila kujua, nao hufika na nyavu zisizopata kitu, mtoto asiyekua, ndoa isiyozaa, wakisubiri uwaambie ni nani. Mchungaji wa dhehebu kubwa ataonywa na wakubwa wake akijaribu. Wewe hutaonywa na mtu, na jaribu ni kubwa kwa sababu ukitaja, ukumbi hujaa. Usitaje. Usiseme hata kwa mafumbo kwamba ni mwanamke mzee wa upande wa mashariki wa nyumba. Kanda hii imezika vikongwe wengi waliouawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Imezika pia watu wenye ualbino kwa ajili ya ramli za utajiri. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa, lakini hata kama isingekuwapo, damu ya bibi huyo ingeulizwa mikononi mwako.

Vivyo hivyo kwa wagonjwa. Ombea, weka mikono, funga nao. Kisha waambie waendelee na dawa, hasa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na uwe tayari kumsindikiza mtu hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure ikibidi. Ushuhuda wa uponyaji usisomwe kanisani kabla daktari hajapima tena. Nimeambiwa mara nyingi kwamba sharti hilo ni upungufu wa imani, nami nimeendelea nalo.

Mengine nitayapitia haraka. Usifungishe ndoa kabla hujapata leseni ya kufungisha ndoa, na kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka tangazo la siku 21. Spika zielekee ndani ya ukumbi, si kwa jirani mwenye mtoto mchanga. NEMC, msimamizi wa mazingira wa serikali, ina kanuni za kelele, ila jirani mwenye kinyongo hufika kabla ya NEMC. Mtu wa jinsia nyingine anayehitaji ushauri wa faragha akutane nawe mlango ukiwa wazi, na mama mchungaji au mzee wa kanisa akiwa karibu. Vyeo vya nabii, mtume na askofu usijipe mwenyewe. Kama havikutoka kwa watu wanaoweza kuvichukua tena, havikusaidii kitu.

Nyumbani, mke wa mchungaji anayejitegemea hubeba kazi isiyo na mshahara wala likizo, na wageni wanaolala sebuleni ni wake kuliko wako. Jiandikishe NSSF kama mchangiaji wa hiari, ukate bima ya afya ya familia, na utafute kiwanja kidogo cha familia, kilichonunuliwa kwa fedha za kazi yako na kuandikwa majina yenu wawili, mbali na eneo la kanisa. Katiba nayo ieleze kwa majina ya vyeo, si ya watu, nani anaitisha kikao mchungaji akifa au akishindwa kazi, ndani ya muda gani mrithi anachaguliwa, na kwamba mtoto wa mchungaji anaomba nafasi hiyo kwa masharti yale yale ya mwingine yeyote. Kifungu hicho kipigiwe kura kungali na amani, nakala moja ikae kwa wadhamini na nyingine kwa mkeo.