Mdogo wangu wa Kasulu, huo mwaka wa ndoto tuuote vizuri

Juzi kuna binti wa Kasulu kaniandikia inbox, meseji ndefu kweli, anasema anatamani mwaka mmoja tu wa maisha yake azunguke, aone ngoma, makumbusho, matamasha ya muziki, asikie lafudhi za watu wengine, halafu ndo arudi aolewe kama watataka (maneno yake hayo, sio yangu). Mwisho kauliza, "dada, nianzie wapi wakati hela sina na nyumbani hawanielewi?" Nilitaka nimjibu mistari miwili nikajikuta naandika mpaka chaji inakata, kwa hiyo nimeona bora niiweke hapa, maana najua mko wengi, usiku mnalala na simu mkononi mnaangalia picha za watu wako Zanzibar mnajiuliza wenzenu wana nini.

Tuanze na hilo la nyumbani kwa sababu ndo lenye maumivu. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nauza dagaa na mawese, na niliposema naenda Bagamoyo kwenye tamasha, peke yangu, hakuna msiba, hakuna harusi, kiliitishwa kikao. Kikao jamani! Shangazi yangu mmoja akaniuliza mbele ya watu, "unaenda kwa nani?" Nikamwambia siendi kwa mtu. Akageuka akawaangalia wenzie, akasema haya, tumesikia. Hilo "tumesikia" mpaka leo liko hapa kifuani, na najua ananisoma humu kupitia simu ya mwanae, shikamoo shangazi.

Halafu hao hao ukiwatajia Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza, wanamsifia, mama wa sokwe, katuletea wageni Kigoma. Mnajua alivyokuja Gombe mwaka 1960, ana miaka 26, serikali ya mkoloni iligoma binti akae porini peke yake, ikabidi aje na mama yake mzazi? Yaani hata yeye aliulizwa unaenda na nani. Tofauti ni kwamba mama yake alifunga mzigo akapanda naye boti, wetu wanaitisha kikao.

Sasa nianzie wapi. Anza na tarehe. Watu wakiota safari wanaota sehemu, nataka Zanzibar, nataka Mwanza, na sehemu haina haraka kwa hiyo na wewe huna haraka, miaka inaenda. Ila ngoma ikipigwa imepigwa, usipokuwepo hukuwepo. Mimi nina ile kalenda ya ukutani wanayogawa madukani, nimeitundika nyuma ya mlango wa stoo, na kila mwisho wa mwaka nakaa na biro nyekundu. Februari naandika Sauti za Busara, Mji Mkongwe, muziki wa Afrika mtupu, lilianza 2004. Juni Bulabo ya Bujora, tamasha la ngoma za Wasukuma karibu na Mwanza. Julai Mwaka Kogwa kule Makunduchi, ambako wanaume wanatandikana na migomba mchana kweupe ili kinyongo cha mwaka kiishe, kibanda kinachomwa moto, wanawake wamevaa wamependeza wanaimba wanawarushia watu maneno (ningekuwa na uwezo ningewapeleka ukoo wetu wote). Nusu ya pili ya mwaka naacha nafasi ya Bagamoyo, tamasha la chuo cha sanaa, TaSUBa, hilo ni la kitambo sana.

Na tarehe zenyewe zihakikishe, usikariri za mwaka jana. Bulabo inakwenda na sikukuu ya Ekaristi, na Ekaristi inafuata Pasaka, kwa hiyo inahama. Maulidi ndo kabisa, yanarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Kwa hiyo tarehe, tarehe, tarehe.

Hiyo Bagamoyo ndo iliyonibadilisha nikuambie ukweli. Mtoto wa Ujiji unakua umechoka na habari za Livingstone na Stanley walivyokutana kwetu, 1871, mwembe, zile sanamu za wazungu wawili wanasalimiana, shule nzima mnapelekwa mnasimama juani. Nimefika Bagamoyo, nimeenda pale misheni ya Wakatoliki, naambiwa mwili wa Livingstone ulilazwa hapa 1874 kabla haujavushwa kwenda Zanzibar na baadaye Uingereza, umebebwa kwa miguu na watumishi wake, akina Chuma na Susi na wenzao, kutoka Zambia ya leo. Kwa miguu! Nikasimama pale nikawaza, hii njia ya misafara mwisho wake mmoja ni nyumbani kwetu, mwisho mwingine ni hapa, na katikati watu walipitishwa na minyororo na pembe za ndovu mabegani. Ujiji, Kwihara pale Tabora, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya, Bagamoyo. Njia hiyo Tanzania iliiweka UNESCO, kwenye orodha ya kusubiri kuwa urithi wa dunia, tangu 2006. Mimi nilikuwa naishi kwenye mlango wake sijui. Toka siku hiyo mwaka wangu wa ndoto nimeupanga kwenye njia hiyo, mwaka huu kituo hiki, mwakani kile, narudi nyumbani taratibu kutokea baharini.

Hela sasa. Hapa nitaudhi watu lakini hela ya kusafiri haitoki kwenye kujinyima soda. Inatoka kwenye mzigo. Dagaa wangu ndo nauli yangu. Nikishuka Tabora nina gunia, kuna mama namwachia sokoni, tunahesabiana, nasonga. Wewe uko Kasulu, una maharage hapo, nani kakwambia maharage hayapandi treni? Kila unapoenda beba kitu cha kwenu ambacho kule hakuna, basi.

Na treni muipende. Najua ni siku mbili mpaka Dar, najua inachelewa, sitaki kuielezea yote maana kuna masaa hakuna kitu zaidi ya vichaka na mtoto wa jirani analia. Ila Uvinza wanakuletea chumvi dirishani, na Tabora ndo njia panda, reli ya Mwanza inaachana na ya Kigoma, kwa hiyo anayetoka kwetu kwenda Bulabo anashuka pale anasubiri ya Mwanza. Nilisubiri usiku nimekalia begi, mzee mmoja ana madumu ya asali ya miombo anaionjesha kwa kijiti, ananiuliza binti unaenda wapi, nikamwambia naenda kuangalia ngoma Bujora. Hakushangaa. Akasema angalia Wagika na Wagalu, usitoke kabla ya nyoka.

Sikutoka. Bujora iko Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, na yale makundi mawili yanashindana kwa kuvuta watu, yaani wanacheza uwanja mmoja muda mmoja na mshindi ni aliyekusanya umati mkubwa, kwa hiyo kila mtu ana vituko vyake. Upande wetu kijana kaja na chatu kamvalia shingoni kama skafu, ngoma zinapanda, chatu anateleza taratibu anashuka mkononi, mama aliyekuwa mbele yangu kanikanyaga mguu akirudi nyuma, mimi nacheka nalia. Sasa hiyo picha nani ataninyang'anya? Kikao gani?

Ndo maana nawaambia acheni kusubiri kibali. Dada zangu hasa. Mnasubiri mume, mnasubiri shosti apate likizo, mnajiunga na magrupu ya kuchangishana safari, na mengine mnayajua yalivyoishia, mimi moja lilinila hela na admini kablock watu wote, simtaji lakini Mungu anamuona. Nenda mwenyewe, lala gesti iliyo karibu na stendi au stesheni yenye watu, fika mchana, mwambie mtu mmoja unayemwamini uko wapi. Na uandike tarehe, nimeshasema.

Pia msidharau vya karibu. Kuna watu Mwanga na Gungu, hapa hapa Kigoma mjini, wana miaka 40 hawajafika Gombe, na boti zinatoka Kibirizi hapo, na kiingilio chetu raia ni tofauti kabisa na cha mgeni, tunalipa shilingi. Burundi hiyo unaiona ukiwa Manyovu, na ngoma zao za kifalme UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2014, kule Gishora karibu na Gitega unazikuta zinapigwa. Unahitaji pasipoti au hati ya dharura kutoka Uhamiaji, na kadi ya homa ya manjano. Hiyo mimi bado, ipo kwenye kalenda, nimeizungushia mara mbili.

Kwa hiyo mdogo wangu, hata kwenu Kasulu kuna njia ya kwenda Manyovu. Pasipoti ukiipata niambie tupange tarehe, nitakuja Kasulu tuondokee hapo. Shangazi akiuliza naenda kwa nani nitamwambia naenda kwako.