Maswali ya wasomaji: bunduki kuukuu ya jeshi na hali yake ya asili

SWALI: Nimenunua Mosin-Nagant 91/30, bunduki ya jeshi la Kisovieti, iliyotoka ghalani. Imejaa grisi nene ya kahawia, hadi mbao zinatoa jasho la mafuta. Nianzie wapi? Na je, nipige msasa mbao zote kisha nipake vanishi mpya?

JIBU: Kwanza hakikisha haina risasi. Fungua bolti (chuma kinachosukumwa kufunga nyuma ya mtutu), tazama chemba (tundu linalokalia risasi) na magazini, kisha pitisha kidole, maana grisi ya aina hiyo inaweza kuficha risasi nzima. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, piga picha kila upande na uandike namba na mihuri yote. Kwenye Mosin namba ziko shina la mtutu, kwenye bolti, kifuniko cha chini cha magazini na bamba la kitako.

Grisi yenyewe haina ukorofi. Iliwekwa kuzuia kutu, na huanza kulainika kwenye nyuzi joto 45 hadi 50 hivi. Vipande vidogo vya chuma viloweke katika mafuta ya taa kwa saa chache, uvisugue kwa brashi ya nailoni, kisha uvifute na kuvipaka mafuta mepesi. Maji yanayochemka nayo hufanya kazi nzuri, ila lazima ukaushe papo hapo, chuma kingali cha moto. Petroli usiiguse: mvuke wake hushika moto hata ukiwa mbali na kiberiti.

Bolti ivue yote, kwa sababu grisi iliyoganda ndani hupunguza nguvu ya pini ya kufyatulia. Ukiirudisha, pima pini inavyochomoza mbele ya kichwa cha bolti: iwe kati ya inchi 0.075 na 0.095, yaani milimita 1.9 hadi 2.4. Bisibisi ya jeshi iliyotengenezewa bunduki hii ina mapengo mawili ya kupimia yenye alama 75 na 95. Pini igonge pengo la 75 na ipite bila kugusa lile la 95. Ikizidi hapo hutoboa fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, na gesi ikarudi usoni. Ikipungua, risasi haitalia. Rekebisho hufanywa kwa kuizungusha pini yenyewe, wala si kwa tupa.

Mbao zitolee grisi kwa joto. Zivingirishe karatasi za kufyonza, zitie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uziweke juani. Baada ya saa mbili tatu karatasi zitakuwa zimelowa, badilisha, rudia. Kazi hii haina njia ya mkato, na mbao zilizokaa ghalani miongo kadhaa huweza kuendelea kutoa mafuta kwa siku nyingi. Kwa mabaki, changanya unga wa chaki na mafuta ya taa hadi upate uji mzito, paka, acha ukauke, kisha piga brashi. Usitumie spiriti badala ya mafuta ya taa. Mosin nyingi zilizopita karakana za Urusi ya Kisovieti zimepakwa sheleki, vanishi ya asili, na spiriti huiyeyusha mara moja. Maji ya moto nayo huigeuza kuwa na ukungu mweupe.

Kuhusu msasa: hapana. Mihuri ya karakana imekaa kwenye unene mdogo sana wa mbao, na msasa ukishaifuta hairudi. Tena kiwandani mbao ziliachwa zikiwa juu kidogo ya chuma, pale zinapokutana nacho. Mtu akipiga msasa, mbao huzama chini ya chuma na kona hulainika, na mnunuzi yeyote mwenye jicho ataona kwa mbali. Sehemu ambazo sheleki imebanduka ziguse kwa sheleki ile ile, nyepesi, mara kadhaa. Vanishi ya plastiki ing'ae sebuleni kwenye kabati. Hapa si mahali pake.

SWALI: Yangu pia ni Mosin. Bolti inafunguka vizuri ikiwa tupu, lakini baada ya kufyatua inakwama mpaka nipige mkono wake kwa kiganja. Je, bolti imechakaa?

JIBU: Kwa dalili hizo, tazama chemba kabla ya bolti. Grisi iliyobaki ndani yake imekauka ikawa utando kama rangi, na ganda la risasi likitanuka kwa joto hushikwa nao. Maganda ya chuma yaliyopakwa laki hushikwa zaidi. Tafuta brashi ya shaba ya kusafishia shotigani ya geji 20, ifunge kwenye kijiti kifupi, ichovye kwenye dawa ya kusafishia mtutu, uizungushe chembani kwa mkono. Acha dawa ikae robo saa, zungusha tena, futa kwa kitambaa cheupe. Endelea mpaka kitambaa kitoke bila rangi ya kahawia. Msasa na unga wa kung'arishia usiingie humo kabisa. Chemba ikishapanuka haina dawa. Chemba ikiwa safi na bado inakwama, hapo mpelekee fundi wa bunduki mwenye vipimo.

SWALI: Nina Lee-Enfield No. 1 Mk III, bunduki ya jeshi la Uingereza, iliyofanywa ya kuwindia. Mbao ya mbele imekatwa nusu na vifuniko vya mtutu vimetupwa. Nataka irudi kama ilivyokuwa jeshini. Inawezekana?

JIBU: Inategemea aliyeikata aliishia wapi. Pima mtutu: wa asili una urefu wa inchi 25.2, yaani milimita 640. Kisha kagua mwili wa chuma: kuna matundu ya skrubu za darubini? Daraja la kupakilia klipu (kibanio cha risasi) limesagwa? Mtutu ukiwa mzima na mwili haujatobolewa, nunua vipande uanze. Ukiwa umefupishwa au kutobolewa, ushauri wetu ni kuiacha ilivyo. Gharama ya mtutu mwingine na kazi ya kuufunga haitarudi.

Utahitaji mbao ya mbele, kifuniko cha mtutu cha mbele na cha nyuma, kichwa cha chuma cha puani na skrubu zake, pete ya nje yenye jicho la mkanda, pete ya ndani na skrubu yake yenye springi, pamoja na kile kijiti kidogo chenye springi kinachousukuma mtutu juu karibu na pua. Hicho cha mwisho husahaulika kuliko vyote, na bila hicho shabaha hutangatanga.

Sasa jambo linalopasua mbao nyingi. Kitako kimefungwa kwa bolti ndefu ya kukazia (si ile ya kufungia chemba) ipitayo ndani yake, na ncha ya bolti hiyo ni ya mraba, imeshikwa na kibamba kilichomo nyuma ya mbao ya mbele. Ukizungusha bolti ya kitako kabla ya kutoa mbao ya mbele, ule mraba huzunguka na kuipasua mbao kutoka ndani. Kwa hiyo wakati wa kufungua, mbao ya mbele hutoka kwanza, kitako baadaye. Wakati wa kufunga, kitako kikazwe kwanza, mraba ukae sawa, ndipo mbao ya mbele irudi. Itoe kwa kuivuta chini polepole, mbele na nyuma kwa zamu. Usiikwanyue upande mmoja.

Kufunga mbao mpya ndiko kazi yenyewe. Nyuma yake kuna nyuso mbili, kushoto na kulia, zinazopokea teke la bunduki. Lazima zote mbili ziguse chuma kwa pamoja na kwa nguvu sawa. Ikigusa moja tu, bunduki hutupa risasi upande na mbao hupasuka nyuma baada ya muda. Chuma kipake masizi ya mshumaa, bonyeza mbao mahali pake, itoe, utazame weusi umeshika wapi. Parua hapo kwa patasi kali, kiasi cha unene wa karatasi, kisha jaribu tena. Mbao kuukuu iliyonywea na kuacha nafasi iongezewe kibandiko cha mbao ngumu chenye gundi ya epoksi, nyuzi zake zikielekea kwenye teke. Kuanzia mbele ya shina, mtutu usiguse kuta za mfereji mpaka ufike kwenye kile kijiti cha springi.

Kwa sababu hiyo tunapendelea njia nyingine: ibakize nusu ya nyuma iliyopo, ambayo imeshakaa sawa na chuma chake, na uunge kipande cha mbele kutoka mbao mbovu. Ukipanga kiungo kiangukie chini ya pete ya nje, hakitaonekana. Chagua kipande cha mti ule ule, mjozi kwa mjozi, na mistari ielekee upande mmoja.

Ukimaliza, paka mafuta mabichi ya kitani. Mkono wa kwanza uchanganye nusu kwa nusu na tapentaini ili yaingie ndani, mingine iwe mafuta matupu, kidogo sana, ukisugua kwa kiganja na kufuta ziada baada ya dakika 20 hivi. Matambara uliyofutia yatandaze nje moja moja yakauke au yaloweke majini. Yakifumbatwa pamoja hujichemsha yenyewe na kuwaka.

Na usiifyatue kabla ya kupima nafasi kati ya bolti na chemba, hasa kama namba ya bolti si ya mwili huo. Bolti ifunge juu ya kipande cha kupimia cha inchi 0.064 na igome kwenye cha 0.074.

SWALI: Kutu jekundu limetapakaa juu ya rangi ya chuma. Fundi anataka kuipiga bluu upya yote, yaani kuitia ile rangi nyeusi ya kuzuia kutu. Nikubali?

JIBU: Mwambie asubiri. Kutu la juu hutoka kwa mafuta na pamba ya chuma laini kabisa, namba 0000, bila kukandamiza. Lililobaki lichemshe: osha kipande mafuta yote yatoke, kitumbukize katika maji yaliyotoneshwa yanayochemka kwa nusu saa. Kutu jekundu hugeuka jeusi, na jeusi halili chuma. Futa unga, paka mafuta. Rangi ya asili inabaki, pamoja na mikwaruzo yake halali.

Bluu mpya ya chumvi za moto hulainisha mihuri kwa sababu fundi hung'arisha kwanza. Kwenye Mauser K98k, bunduki ya jeshi la Ujerumani, kuna hatari zaidi: kiti cha kilengeo cha nyuma kimeshikwa kwa lehemu (madini laini ya kuungia), na chumvi hizo huila. Bluu ya chupa, ya kupaka baridi, hufaa kwenye kichwa cha skrubu tu.

Kama unatumia risasi za zamani zenye fataki za klorati, kutu litarudi hata ukipaka mafuta, kwa kuwa chumvi ambayo fataki hizo huiacha haiyeyuki katika mafuta. Mimina maji ya moto mtutuni siku hiyo hiyo, kausha, ndipo upake mafuta.

SWALI: Bolti yangu ina namba tofauti. Naweza kusaga na kugonga inayolingana?

JIBU: Usifanye. Ni kughushi, na mahali pengi ni kosa la jinai. Karakana za jeshi zenyewe ziligonga namba upya zilipofanya matengenezo, na kazi hiyo ni sehemu ya historia ya bunduki; yako haitakuwa.

SWALI: Lee-Enfield yangu imegongwa herufi DP. Nikiisafisha itafaa kwenda nayo uwanja wa shabaha?

JIBU: La. Herufi hizo zina maana ya bunduki ya gwaride na mafunzo, na mara nyingi iliwekwa kundi hilo kwa kuwa chuma chake hakiaminiki. Irudishie mbao, pete na rangi, iwe ya kutazamwa. Vivyo hivyo kwa iliyozibwa mtutu au kutobolewa chemba ili isifyatue: hali hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi zake, na kuibadilisha mahali pengi ni kuvunja sheria.