Mzee wa Parkinson akiganda mlangoni usimvute, mpigie ngoma

Wadogo zangu mnaokuja kuanza fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) huku Dodoma, hili niliandika kwa ajili yenu maana kila mwaka naona intern mpya anarudia kosa langu. Mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, amefika mlangoni miguu imegoma kabisa, intern anamshika mkono anamvuta huku anasema tembea babu, tembea. Babu anataka kutembea kuliko wewe! Ukimvuta kiwiliwili kinakuja, miguu inabaki, mnaenda chini wote wawili.

Nguvu za misuli anazo. Kilichopungua ni dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuanzisha mwendo, seli zinazoitengeneza ubongoni zinakufa taratibu, kwa hiyo yale mambo tunayofanya bila kufikiri kama kuanza kutembea, kutupa mikono, kugeuka, yanakosa wa kuyaanzisha. Ndo maana hatua zinakuwa fupi fupi na anaganda mlangoni au kwenye kona. Sasa mdundo unampa kutoka nje ile amri ambayo ndani imechelewa, hata mistari ya chaki sakafuni inasaidia, unamwambia aruke mstari na anaruka, wakati sekunde mbili nyuma alikuwa kama mti.

Mimi nilijifunza kwa mzee mmoja mkulima wa zabibu wa upande wa Hombolo. Nilimsalimia mbukwenyi, akanijibu kwa sauti ndogo mpaka niliinama kumsikia (sauti nayo inashuka, msidhani kanuna). Nikaweka muheme kwenye simu, zile ngoma za kina mama wa Kigogo. Mwanzo kimya, halafu kichwa kikaanza, halafu kisigino cha kulia kikawa kinagonga sakafu chenyewe, nikamwambia haya babu hamia mguu huu, sasa huu, aegemee kushoto kwanza ndo ainue kulia, na akavuka ule mlango uliomshinda wiki nzima. Binti yake alianza kucheka na kulia kwa pamoja.

Na mimi kwa sifa zangu nikaweka wimbo wa kasi zaidi. Kosa. Hatua zikawa ndogo na za haraka, mwili ukatangulia, akawa kama anakimbiza kivuli chake, nilimdaka mkanda akaishia kupiga goti. Tangu siku hiyo nahesabu kwanza, hatua zake kwa nusu dakika nazidisha mara mbili, halafu natafuta wimbo unaokaribiana na hapo, nikipandisha napandisha kidogo sana.

Muda wa dawa nao muulizeni mapema. Kama anatumia levodopa, dawa inayoongeza dopamini, mcheze ikiwa imeshakolea, sio inapoisha nguvu, maana mtu yule yule saa nne na saa saba anaweza kuwa watu wawili tofauti. Na asiache dawa eti kwa sababu anacheza vizuri, ngoma haitibu ugonjwa, inasaidia mwendo na balansi basi. Akitoka kwenye kiti asubiri kidogo, presha ya wengi inashuka wakisimama. Kandambili hapana. Kugeuka azunguke kwa duara pana, asijizungushe papo hapo, na nyie msimuulize habari za wajukuu akiwa katikati ya hatua, akianza kujibu miguu inasahau.

Wenzetu wa Marekani wana madarasa kabisa, kundi la densi la Mark Morris lilianzisha la kwao Brooklyn mwaka 2001, na watafiti huko wamepima sana tango ya Argentina kwa sababu ina kurudi nyuma, kusimama ghafla na kuanza upya, yaani vitu vile vile vinavyowashinda wagonjwa. Ila jamani msije mkamfundisha bibi wa Chamwino tango! Chukueni hiyo akili ya kusimama na kuanza muiweke kwenye ngoma anayoijua tangu usichana. Mkristo mwingine atataka kwaya, mpeni kwaya.

Halafu mfundisheni wa nyumbani, wewe unamuona mara moja kwa wiki, yeye yuko naye kila siku saa kumi usiku anapotaka kwenda chooni. Yule binti wa Hombolo hana spika, anapiga kidumu cha mafuta taratibu, babu anahesabu moja mbili anatoka.